Uko Hapo?

Saa nane za usiku. Kadutu imelala, imening'inia kwenye mlima wake,
nami nimevaa koti la marehemu baba mdogo,
nalinda lango la mchezo ambao sijawahi kuucheza.

Uwanja una nafasi sitini na nne.
Nje wamepanga foleni watu mia na kumi.
Kanuni ni moja: ukikaa dakika nzima bila kujongea
unatolewa, anaingia mwenzio.

Kwa hiyo watu wamejifunza kujongea bila kuwapo.

Mtazame huyu, amejiita Chui wa Nguba.
Hatua mbili kushoto. Hatua mbili kulia. Anaruka.
Sekunde hamsini na tano.
Hatua mbili kushoto.
Wenzake wanauawa mbele ya macho yake, hageuki.
Mahali fulani mwenyewe anakoroma,
na kidole cha kukodi kinamkeshea.

Mwanzoni nilihesabu tu. Saa ndiyo iliyowasaliti.
Wakashtuka, wakajifunza kuchelewa:
arobaini na moja, hamsini na tatu, thelathini na nane,
bahati nasibu iliyokorogwa laini kama uji wa mgonjwa.
Nikaacha kuhesabu, nikaanza kutafuta makosa.
Maana mtu hukosea. Mtu hugonga ukuta,
hugeuka kutazama kitu kisicho na faida,
huruka mara tatu kwa furaha tu,
husimama ghafla kwa kuwa sufuria ya sombe inafurika.
Kilichoandikwa hakipitiwi na kitu,
na hapo ndipo ninapokishika shati.

Hata hivyo simtoi mtu kwa shaka. Namwandikia: Uko hapo?
Nasubiri. Kimya.
Hatua mbili kushoto.
Nabonyeza.
Anaingia wa foleni, hajui ni nani aliyempisha.

Ila usiku wa mvua ile iliyozoa ngazi za kwa Birindwa
alikuja mmoja, mwendo wake sawasawa kama wa saa ya ukutani,
mbele, nyuma, mbele, nyuma,
nikamwona ameiva, kidole kikawa tayari.
Dakika ya kumi na moja neno likaja, herufi zimepinda:
niko apa, nabeba mutoto, anakataa kulala
Nikautazama upya mwendo wake.
Ulikuwa mwendo wa kubembeleza.
Nikaandika daftarini: mtu. Nikamwacha hadi kulipokucha.

Asubuhi huteremka bombani na usingizi wangu mabegani.
Mabidoni ya manjano yamejipanga mpaka kwenye kona,
na kati ya bidoni la Nabintu na letu
pana jiwe.
Ni la mama M'Rhugenda, mguu wake umevimba tangu Jumapili.
Foleni ikisonga, yeyote aliye karibu hulisukuma mbele kwa unyayo,
taratibu, kama anayemwamsha mgeni.
Nikamwambia Nabintu: kule kazini hili ningelitoa.
Akanitazama, akatema ganda la muwa.
"Jiwe halijifanyi linatembea," akasema,
kisha akaniuliza kama nina mia mbili za kumwazima.

Nimelibeba neno hilo hadi usiku wa leo.
Saa kumi kasoro umeme umeyumba, umerudi,
na kwenye pembe ya kioo changu kisanduku kimefunguka,
kile ambacho mwajiri hunitumia kila dakika ishirini
kutoka mji nisioujua hata kwa picha:
Uko hapo?

Nimebonyeza. Sekunde tatu.
Jana pia zilikuwa tatu. Juzi, tatu.
Mkono umejifunza kujibu macho yakiwa yamefumba.

Kijacho nitakichelewesha kidogo.
Nitagonga herufi isiyo yake, nifute, nigonge tena,
ili huyo anayenihesabu, kama yuko,
apate kosa la kunitambulia.